Wiki 6 na Begi Moja: Malaysia, Thailand na Vietnam kwa Hela ya Kubana

Tangu nirudi, kila mtu ananiuliza nilitumia shilingi ngapi. Nilitumia dola 2,300 kwa siku 42, tiketi ya ndege ya kutoka Dar es Salaam na kurudi ikiwa ndani yake. Kwa hela yetu ni karibu milioni 6. Wachache sana wanauliza hela hiyo iliishia wapi, na hapo ndipo penye somo. Nilikuwa naandika kila senti kwenye kidaftari, na nilipokuja kukipitia nikaona kwamba chakula hakikunimaliza, wala vitanda. Kilichonimaliza ni kuhama. Siku ya kuhama unalipa bodaboda ya kwenda stesheni, unalipa tiketi, unakula kwa bei ya stesheni, unalipa bodaboda ya upande wa pili, halafu unafika mtaa usioujua na unakula pale pa kwanza panapowaka taa. Siku ya kukaa unatumia nusu ya hapo. Kwa hiyo ukiniona hapa chini nakuambia ruka mji fulani, ujue sababu ni hiyo.

Hatua ya 1: Chora njia kwa kuangalia pasipoti

Wengi huanza na picha za visiwa. Wewe anza na pasipoti. Mtanzania, Mkenya na Mganda wanaingia Malaysia bila viza kwa matembezi ya siku 30. Mwenye pasipoti ya Rwanda, Burundi au Kongo anaomba kabla. Thailand inatutaka viza, lakini tangu Januari 2025 maombi yote ni ya mtandaoni, na ya kwetu yanashughulikiwa na ubalozi wao wa Nairobi. Vietnam ndiyo rahisi kuliko zote: tangu Agosti 15, 2023 inatoa viza ya mtandao kwa pasipoti ya nchi yoyote, dola 25 kwa kuingia mara moja, na unaweza kukaa hadi siku 90.

Laos na Cambodia niliziacha kwa makusudi. Kila nchi ya ziada ni viza ya ziada na siku mbili za kuhama. Isitoshe, mpaka wa nchi kavu kati ya Thailand na Cambodia ulifungwa katikati ya mwaka 2025 baada ya majeshi yao kupigana, na ile njia ya zamani ya basi kutoka Bangkok hadi Siem Reap, kule Cambodia, ikafa.

Mgawanyo wangu wa usiku 42 ulikuwa hivi: Kuala Lumpur 3, Penang 5, treni 1, Bangkok 4, Ayutthaya 2, treni 1, Chiang Mai 7, treni 1, Hanoi 5, treni 1, Hue 2, Hoi An 5, treni 1, Ho Chi Minh City 3, na usiku 1 wa mwisho Kuala Lumpur. Hesabu treni: usiku 5 ambao nauli na kitanda vilikuwa tiketi moja. Ningerudia leo, Hue ningeipitia tu mchana na siku zake ningezipeleka Penang.

Kuhusu majira, nilianza Januari 8, 2026. Najua Januari ni mwezi wa ada na kila mtu kafulia, lakini ndio mwezi unaolingana na njia hii. Ukichelewa, kaskazini mwa Thailand wakulima huanza kuchoma mashamba na kuanzia Februari hadi Aprili Chiang Mai inafunikwa na moshi mpaka milima haionekani. Ukiwahi sana, Oktoba hadi Desemba, mvua inapiga kusini mwa Thailand na katikati ya Vietnam. Hat Yai, mji utakaobadilishia treni, ulizama Novemba 2025. Kitu kimoja cha kuchunga ni Tet, mwaka mpya wa Wavietnam, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati au mwishoni mwa Februari. Nitairudia, maana ilinikuta.

Hatua ya 2: Makaratasi, na yule dada wa kaunta

Hapa usiharakishe. Nilifika uwanja wa ndege Dar nikiwa na tiketi ya kwenda na kurudi, nimejiamini. Dada wa kaunta akaangalia tarehe, akaangalia pasipoti, akaniuliza taratibu: "Dada, Malaysia wanakupa siku 30. Tiketi yako ya kurudi ni baada ya siku 42. Hizo 12 utakuwa wapi?" Alikuwa sahihi. Shirika la ndege likikubeba na ukakataliwa kule, gharama ya kukurudisha ni yao, kwa hiyo hawakuonei huruma. Kilichoniokoa ni bahasha: viza ya Thailand imechapwa kwenye karatasi, tiketi ya treni ya kulala ya kwenda Bangkok, na tiketi ya ndege ya Bangkok kwenda Hanoi. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na mambo yake yote kwenye simu, na simu ilikuwa na asilimia 4 ya chaji. Chapa kila kitu. Nakala mbili.

Kwa mpangilio, makaratasi ni haya:

Kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, hakiishi muda baada ya miaka 10 kama zamani. Sisi tunatoka kwenye nchi zilizo kwenye orodha, kwa hiyo wataiuliza. Ukiingia Thailand kwa ndege kupitia Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa Bangkok, kuna kaunta ya afya kabla ya uhamiaji. Watu wetu wengi hupanga foleni ya uhamiaji saa nzima halafu wanarudishwa kwenda kugongewa muhuri pale. Nenda huko kwanza.

Viza ya Thailand. Wanataka taarifa ya benki, tiketi, na mahali pa kufikia. Iombe wiki 4 kabla, si wiki moja. Ada yake ni kiasi cha dola 40 na inakupa siku 60. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza kama una baht (hela ya Thailand) 20,000 au thamani yake. Mimi nilikuwa na dola 700 taslimu kwenye mkoba wa tumboni na sikuulizwa, ila Mwafrika mwenzangu kwenye foleni aliulizwa.

Viza ya Vietnam. Tumia tovuti ya serikali yao inayoishia na gov.vn, maana zilizoiga ziko tele na zinatoza mara tatu. Jaza majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, hata lile la babu usilolitumia. Jina likikosekana, viza ni karatasi tu.

Fomu za kuwasili. Malaysia na Thailand zote zina kadi ya kidijitali inayojazwa ndani ya siku 3 kabla ya kuingia. Ya Thailand ilianza Mei 1, 2025. Zote ni bure. Tovuti ikikuomba hela, funga.

Bima nayo kata, hata ile ndogo. Nililipa dola 60. Soma kipengele cha pikipiki, kwa sababu bima nyingi hazilipi chochote ukianguka na pikipiki bila leseni inayotambulika kule, na pikipiki ndizo zinazolaza wageni hospitali.

Na hili lazima niliseme bila kuzunguka: usibebe mzigo wa mtu. Hata zawadi, hata dawa za mama wa mtu. Machi 2025 mahakama ya Vietnam ilimhukumu kifo mwanamke wa Kenya aliyekamatwa uwanja wa ndege na zaidi ya kilo 2 za kokeini. Yeye alisema begi alipewa. Vilevile, ukiwa huko mtu akikutafutia "kazi ya huduma kwa wateja" karibu na mpaka wa Myanmar, kimbia. Vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia wametolewa kwenye yale makambi ya utapeli wa mtandaoni wakiwa na makovu.

Hatua ya 3: Begi la kilo 7

Ndege za bei nafuu za kule zinaruhusu kilo 7 mkononi, na zinapima. Begi la lita 40 linatosha kabisa. Nguo za siku 5, ndala, viatu vya kufunga, koti moja jepesi (Hanoi Januari na Februari ni baridi ya Mbeya, usicheze), kufuli dogo la kabati la bwenini, dawa zako.

Khanga mbili. Nimewahi kuona wazungu wakinunua taulo maalumu za kukauka haraka kwa dola 25. Khanga inafanya kazi hiyo na nyingine sita. Ilikuwa shuka kwenye treni, pazia la kitanda bwenini, mtandio wa msikitini, na ya kujifunga kiunoni penye mahekalu, ambako mabega na magoti lazima yafunikwe, na asiyefunika hukodishwa kitambaa getini.

Chaja: soketi za Malaysia ni zilezile za kwetu za pini tatu. Thailand na Vietnam zinataka pini mbili, kwa hiyo nunua kibadilishi kimoja Kariakoo kabla ya kuondoka.

Hatua ya 4: Hela, jinsi ya kuibeba na jinsi inavyokatwa

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Ndege ya Dar hadi Kuala Lumpur na kurudi, dola 800. Ndege mbili ndogo, Bangkok kwenda Hanoi na Ho Chi Minh City kwenda Kuala Lumpur, 150. Viza mbili, 65. Bima, 60. Treni na mabasi ya masafa, 175. Maisha ya kila siku, 25 mara siku 42, yaani 1,050. Jumla 2,300.

Hizo dola 25 za siku ni kitanda cha bwenini 8, chakula 9, usafiri wa mjini 2, viingilio 3, na 3 za mengineyo: laini ya simu, kufua, sabuni, embe. Siku nyingine nilitumia 15, nyingine 38. Angalia wastani wa wiki, usijitese na siku moja.

Tiketi ya ndege kubwa usiifuate kwa shirika, fuata tarehe. Safari za kupitia Addis Ababa, Doha, Dubai na Muscat hushindana, na tofauti ya Ijumaa na Jumanne inaweza kuwa dola 100. Ila epuka ujanja wa kuunganisha tiketi mbili zisizojuana, kwa mfano ufike Mumbai kwa tiketi moja na uondoke kwa nyingine. Begi lako litatokea upande wa pili wa uhamiaji, na bila viza ya India hulifikii.

Taslimu nilibeba dola za noti kubwa, mpya, zisizo na mikunjo wala alama ya kalamu. Shilingi yetu haibadilishwi kokote kule, usijisumbue. Kadi ya benki ni ya akiba: mashine za Thailand zinakata kadi ya mgeni baht 220 hadi 250 kila unapotoa, ambayo ni kitanda cha usiku mmoja Chiang Mai. Basi ukitoa, toa kiasi kikubwa mara moja. Na kabla hujaondoka iambie benki yako unakwenda wapi, la sivyo kadi itafungwa siku ya pili.

Hatua ya 5: Malaysia, mahali pa kuzoelea

Nakushauri uanzie Kuala Lumpur kwa sababu ni laini. Kiingereza kinasikika, chakula cha halali kiko kila kona, na nusu ya ladha unazijua. Treni ya haraka kutoka uwanja wa ndege ni ringgit 55, ringgit ikiwa hela yao. Basi la kwenda KL Sentral, stesheni kuu ya mji, halifiki theluthi ya hapo na linachelewa kwa nusu saa tu. Vitanda vya bei ya chini viko mtaa wa Wachina, karibu na stesheni ya Pasar Seni.

Chakula kitafute kwa mamak, yaani migahawa ya Waislamu wenye asili ya India ambayo mingi inakesha. Agiza roti canai na teh tarik. Roti ni chapati iliyopigwa hewani mpaka ikawa nyembamba kama leso, na inakuja na mchuzi wa dengu. Teh tarik ni chai ya maziwa. Jamaa anaimimina kutoka kikombe cha juu hadi cha chini, mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine kiunoni, mpaka itoe povu. Asubuhi kula nasi lemak. Utafungua kile kifurushi cha jani la mgomba na kukuta wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga na pilipili, na utajiuliza umesafiri saa ngapi kufika Tanga. Sokoni kuna shokishoki na doriani. Mzanzibari hatashangaa, bei tu ndiyo itamchekesha.

Batu Caves, mapango yenye hekalu la Wahindu, unafika kwa treni ya mjini, ngazi 272, kupanda ni bure. Funga vizuri mifuko, nyani wa pale ni vibaka.

Penang: treni ya umeme hadi Butterworth kama saa 4, kisha kivuko kama cha Kigamboni, ringgit 2. George Town iko kwenye urithi wa dunia tangu 2008, na raha yake ni kutembea kwa miguu tu, kutoka msikiti wa Kapitan Keling hadi hekalu la Wachina hadi la Wahindu ndani ya mtaa mmoja. Hapa ndipo niliposhusha gharama kuliko kote Malaysia, kwa kukaa siku 5 na kumzoea mama mmoja wa nasi kandar, wali wa michuzi. Siku ya tatu aliacha kuniuliza nataka nini. Siku ya nne alianza kuongeza samaki.

Hatua ya 6: Kuvuka kwa reli, kisha Thailand

Kutoka Butterworth panda treni ya kawaida hadi Padang Besar, kama saa 2. Stesheni ile ni ya ajabu: uhamiaji wa Malaysia na wa Thailand wamo ndani ya jengo moja. Unagonga kutoka, unatembea hatua chache, unagonga kuingia. Rudisha saa nyuma kwa saa moja hapohapo, kwa sababu watu hukosa treni ama hukaa bure kwa ajili ya hiyo saa. Kuna treni ya jioni inayotoka Padang Besar moja kwa moja hadi Bangkok. Ikijaa, chukua ile fupi ya kwenda Hat Yai, ya baht zisizofika 100, uunganishe pale. Usishawishike kupitia mikoa ya Yala, Pattani na Narathiwat. Kuna mgogoro wa silaha wa muda mrefu, na bima yako haitaki kusikia majina hayo.

Treni ya kulala, daraja la pili, ni karibu baht 1,000. Reli ni ya mita moja, kipimo kilekile cha reli yetu ya kati ya zamani, kwa hiyo ule mtikisiko ni wa nyumbani kabisa. Jioni mnakaa mnatazamana. Baadaye mhudumu anapita na ufunguo, anavuta viti vinakuwa kitanda, anafungua ukuta wa juu kinashuka kingine, anatandika shuka jeupe na kuvuta pazia, dakika 2 haziishi. Kitanda cha chini kinazidi bei kidogo na ni kipana. Mwenye mgongo wa kulalamika alipe. Taa haizimwi usiku kucha na kiyoyozi ni cha kugandisha, ndipo khanga ya pili inapoheshimika. Wanawake wenzangu, baadhi ya treni zina behewa la wanawake na watoto. Uliza wakati wa kukata tiketi.

Bangkok treni inaishia Krung Thep Aphiwat, stesheni kubwa mpya iliyochukua treni za masafa tangu Januari 2023. Maelezo ya zamani yanayokupeleka Hua Lamphong yamepitwa. Ukishatulia mjini, tumia boti. Boti ya bendera ya chungwa kwenye mto Chao Phraya ni baht 16 na inapita kila unachotaka kukiona, wakati dereva wa tuk-tuk, bajaji yao, anakutajia 200 akitabasamu. Kasri kuu ni baht 500, bei ya mgeni. Nje yake atakuja mtu msafi, mpole, akwambie kasri limefungwa leo kwa sherehe na akupeleke kwenye duka la vito. Halijafungwa. Nenda getini ukaone mwenyewe.

Kutoka Bangkok kwenda Chiang Mai usikate tiketi moja ndefu. Panda treni ya daraja la tatu hadi Ayutthaya, baht 20 hivi, dirisha wazi, wauza vyakula wanapita na vikapu kama Morogoro. Zunguka magofu ya mji huo uliochomwa na Waburma mwaka 1767 kwa baiskeli ya kukodi, kisha ipandie palepale treni ya usiku ya kwenda kaskazini. Pale hekalu la Wat Mahathat kuna kichwa cha Buddha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti. Ukitaka kupiga nacho picha unachuchumaa, usisimame juu yake.

Chiang Mai ni pa kupumzisha pochi. Daladala zao ni magari mekundu yenye benchi mbili mnazotazamana, chai maharage ile ya wazee wetu wa Dar, baht 30 kwa mtu ndani ya mji. Kwa Mwislamu, kuna mtaa mdogo wa halali karibu na soko la usiku, msikiti wa Ban Haw wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, na supu yao ya tambi na tui la nazi iitwayo khao soi. Mboga tupu bila nyama, sema "jay". Nguruwe ni "mu", na wamo ndani ya vitu usivyodhani, kwa hiyo uliza.

Watu watakutazama. Watoto watagusa nywele. Bibi mmoja sokoni alinishika mkono, akausugua kwa kidole, akacheka, akanipa ndizi. Polisi nao wana mazoea ya kumsimamisha Mwafrika kumuuliza karatasi kabla ya mwingine, inachosha, inaudhi. Nilikuwa natembea na nakala ya pasipoti na picha ya muhuri wa kuingia kwenye simu, naonyesha, naondoka.

Hatua ya 7: Vietnam, sufuri nyingi

Ndege nafuu za kwenda Hanoi huondokea Don Mueang, uwanja wa pili wa Bangkok. Ukitua, basi namba 86 linakupeleka mji mkongwe.

Sasa sikiliza kuhusu noti. Dola moja ni zaidi ya dong 25,000, kwa hiyo unageuka milionea ghafla na akili inachoka. Noti ya 20,000 ni ya bluu. Noti ya 500,000 ni ya bluu pia. Usiku wa kwanza, taa hafifu, nilimlipa bodaboda noti moja ya bluu na kushuka nikiwa na furaha. Asubuhi nikahesabu: nilikuwa nimelipa safari ya dakika 10 kwa dola 19. Tangu siku ile laki tano zilikaa kwenye mkoba wa tumboni na elfu ishirini mfukoni, hazikukutana tena.

Bodaboda wao wanaitwa xe ôm, yaani gari la kukumbatia. Tumia programu ya Grab, bei inaonekana kabla hujapanda. Kuvuka barabara Hanoi ni somo: pikipiki hazisimami, zinakukwepa. Shuka barabarani, tembea polepole kwa mwendo uleule, usikimbie, usirudi nyuma. Zinagawanyika kama maji kwenye jiwe. Ukisita katikati ndipo unapogongwa.

Chakula kiko chini, kwenye vistuli vya plastiki kama vya watoto wa chekechea. Bakuli la phở, supu yao ya tambi, ni dong 40,000 hadi 60,000. Kaa penye wenyeji wengi na sufuria moja. Palipo na orodha ya kurasa nane yenye picha, pita. Neno la mboga tupu ni "chay", na vibanda vyenye maandishi "cơm chay" ni wokovu kwa asiyekula nguruwe. Hanoi kuna msikiti mmoja tu, Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược.

Treni ya kwenda kusini inapita kwenye reli ya kilomita 1,726 iliyokamilika 1936. Usiku mmoja hadi Hue. Kipande cha Hue hadi Da Nang kipande mchana, ukae kushoto, kwa sababu reli inapanda mlima wa Hai Van ikining'inia juu ya bahari. Niliwaona watu wazima wakiacha tambi zao zipoe. Hoi An haina stesheni. Unashuka Da Nang na kumalizia kilomita 30 kwa gari. Taa zake za karatasi ni nzuri kweli, na mafundi wake wa nguo watakushika shati. Nilishona gauni moja. Haikuwa kwenye bajeti.

Na Tet. Nilikuwa Ho Chi Minh City Februari 17, siku yenyewe. Wiki mbili kabla, treni za kutoka kusini kwenda kaskazini zilikuwa zimejaa watu wanaorudi kwao, kama mabasi ya Moshi mwezi wa Desemba. Mimi nilikuwa naelekea kinyume, nikapata kitanda bila shida. Ila mjini nilikuta vibanda vimefungwa, mama wa supu kaenda kwao, na vilivyobaki wazi vimepandisha bei. Siku mbili nilikula mikate ya dukani. Ukiangukia tarehe hizo, nunua chakula siku moja kabla na tiketi zote wiki 4 kabla.

Hatua ya 8: Kutoka

Usiunganishe ndege ndogo na ndege kubwa siku moja. Hizi ni tiketi mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungojei na hakuna wa kumlilia. Ndiyo maana ya ule usiku mmoja wa mwisho Kuala Lumpur. Kadi ya kidijitali ya Malaysia unaijaza upya, ya mwanzo haifai tena.

Dong zilizobaki zimalize uwanja wa ndege, kwa sababu huku nyumbani hazina pa kubadilishwa. Zangu zilikuwa 185,000. Nilinunua kahawa ya unga pakiti mbili, na noti moja ya bluu, ile ndogo, nikaiacha ndani ya daftari.